Taa ya Matumbawe na Somo la Amana

SIFA njema zote anastahiki Allah (s.w.), Muumba wa nuru na giza. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake.

Ndugu msomaji, ukurasa huu wa familia umezoea kuzungumzia malezi, ndoa na mirathi. Wiki hii tunaomba ruhusa tuzungumzie taa, nayo ni taa inayoning'inia juu ya tangi la kioo lenye maji ya chumvi, ambamo matumbawe hai yanafugwa sebuleni. Huenda baadhi yenu mkaliona jambo hili kuwa la anasa lisilostahiki nafasi gazetini. Nasi tuliliona hivyo, mpaka taa hiyo ilipotusimamisha mbele ya kamati ya msikiti tukiwa na la kueleza.

Mama na dirisha

Tunaishi katika mji mmoja wa katikati ya Uingereza, ambako jamaa waliotoka Pemba, Unguja, Mombasa na Barawa wamejipatia msikiti katika jengo lililokuwa ghala. Kazi yetu ya ukatibu wa kamati ni kuandika mihutasari ya vikao, kutunza daftari la mali ya msikiti na kutayarisha ratiba ya nyakati za sala kila mwezi. Mwenye kutayarisha ratiba hiyo katika nchi hizi hujifunza thamani ya mwanga. Mwezi wa Desemba jua huchomoza baada ya saa mbili asubuhi, na adhana ya Magharibi huadhiniwa kabla ya saa kumi jioni. Mchana wote haufiki saa nane. Ifikapo Juni mambo hugeuka, mchana ukakaribia saa kumi na saba, na sala ya Isha ikawa ya wenye subira. Kwetu Pemba, baina ya mchana mrefu na mchana mfupi wa mwaka kuna tofauti ya kama nusu saa tu.

Mama yetu mzazi alikuja kuishi nasi baada ya baba kurejea kwa Mola wake. Ni mtu wa Wesha, karibu na Chake Chake, mke wa mvuvi, na yeye mwenyewe alilima mwani kwa zaidi ya miaka ishirini. Alifika mwezi wa Novemba. Kila baada ya sala ya Alfajiri alikaa kwenye kiti kando ya dirisha, tasbihi mkononi, akitazama mvua na magari yaliyowasha taa mchana. Hakulalamika hata siku moja. Alizidi kunyamaza tu. Watoto walipomwuliza habari za Pemba alijibu kwa neno moja au mawili, kisha akarudi kwenye dirisha lake. Mama watoto ndiye aliyetamka lile tulilokuwa tukiliogopa: "Bibi anatuzimikia hivi hivi tukimwona."

Siku zile ndugu mmoja wa jamaa ya msikitini alikuwa anahamia Muscat. Alikuwa na tangi la matumbawe, urefu wake sentimita 90, linalochukua maji ya lita 200. Hakuweza kulisafirisha, wala hakutaka kuliuza kwa mtu asiyemjua. Alituita akatuambia: "Nimewatunza viumbe hawa miaka sita. Nakukabidhini kwa amana." Tulikubali kwa sababu ya Mama.

Tangi lilipojazwa na maji kutulia, Mama aliondoka dirishani. Alivuta kiti mpaka mbele ya kioo akatazama muda mrefu wale samaki wawili wadogo wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe, matumbawe laini yaliyokuwa yakipepea, na lile moja gumu lililotanda juu ya jiwe mfano wa sahani. Kisha akasema: "Hii ni Misali." Usiku ule, kwa mara ya kwanza tangu afike, aliwasimulia watoto kwa saa nzima.

Wanavyokula matumbawe

Misali ni kisiwa kidogo magharibi ya Wesha. Wazee husimulia kwamba zamani Nabii Hadhara aliwatokea wavuvi pale akawaomba msala wa kusalia. Hawakuwa nao. Akasema kisiwa chenyewe, kwa jinsi ufuko wake ulivyoelekea kibla, kitakuwa misali ya msala, na jina likabaki hapo. Mama alisimulia kisa hicho kama alivyosimuliwa na bibi yake. Mtoto wetu mkubwa, mwenye miaka kumi na mitatu, akauliza swali ambalo hatukuwa na jawabu lake: "Bibi, haya matumbawe yanakula nini?"

Tulikwenda kutafuta jawabu, na tulilolipata lilitufanya tukumbuke Surat Ar-Rahman, ambamo Mola anataja lulu na marijani kuwa miongoni mwa vinavyotoka baharini. Tumbawe ni mnyama. Lile tunaloliita tumbawe moja aghalabu ni mji wa wanyama wengi wadogo, kila mmoja na kinywa chake na mikono yake ya kukamatia chakula. Hata hivyo, sehemu kubwa ya riziki yao haiingii kwa kinywa. Ndani ya nyama zao wanaishi vijimwani visivyoonekana kwa jicho, ambavyo wataalamu huviita zooksantela. Vijimwani hivyo hupokea mwanga, vikatengeneza sukari, na sukari hiyo vikamgawia mwenyeji wao. Mwenyeji naye huvipa hifadhi na kuvirudishia takataka za mwili wake viwe mbolea. Kwa hiyo, mwenye kuweka taa juu ya tangi la matumbawe hapambi sebule. Anapakua chakula.

Sisi tulikuwa tukipakua kidogo mno. Tangi lilikuja na taa ya mirija minne ya T5, kila mmoja wa wati 39. Ilikuwa ikiwaka vizuri machoni petu, na kumbe mirija hiyo ilikuwa na zaidi ya miaka miwili. Unga unaopakwa ndani ya mirija ya namna hiyo huchakaa taratibu, na wafugaji wazoefu huibadilisha kila baada ya miezi tisa hadi kumi na miwili. Jicho la mwanadamu limeumbwa likizoea kila hali, kwa hiyo halikutuonya. Walioonya ni matumbawe wenyewe. Yale laini yalirefuka shingo kama mche uliopandwa chini ya uvungu. Rangi ya zambarau ikawa ya udongo. Lile la sahani lilibaki kahawia tupu.

Kununua mirija mipya lilikuwa jambo la kufikiri. Ulaya ilisimamisha mwaka 2023 uingizaji sokoni wa mirija ya kawaida ya T5 na T8 kwa sababu ya zebaki iliyomo ndani yake, na hata mirija maalumu ya matangi inapungua madukani. Tulijua tunahitaji taa ya LED. Hatukujua ipi, wala mfuko wetu wa mwezi ule haukuwa na nafasi. Hapo ndipo shetani alipotuonyesha njia ya mkato.

Taa iliyobaki ghalani

Miezi michache kabla, msikiti ulibadilisha taa zake zote kuwa za LED kwa michango ya waumini. Fundi alibakisha taa mbili mpya ghalani kwa dharura. Sisi ndio tuliosaini hati ya kuzipokea na sisi ndio tuliokuwa na ufunguo. Tulijiambia kwamba zimekaa bure, kwamba taa hizo ni kali kiasi cha kusomea msahafu wa hati ndogo, na kwamba msikiti ukizihitaji tutairudisha siku hiyo hiyo. Tulichukua moja bila kumwambia mtu na bila kuandika daftarini. Usiku ule tuliifunga juu ya tangi.

Wiki tatu zilipita. Matumbawe hayakubadilika, ila mawe yaliota ukoka wa kijani kibichi. Mama alikuwa amekwishazoea kukaa mbele ya tangi baada ya Isha. Usiku mmoja aliinua macho akaitazama taa ile.

"Mwanangu, taa hii mmeinunua?"

Tulimjibu kwamba imetoka msikitini, ilikuwa haina kazi.

Alinyamaza kidogo. Kisha akasema: "Baba yako, Mungu amrehemu, aliwahi kufika mlangoni na kamba ya chombo cha watu begani. Alikuwa amesahau tu. Aligeuka nayo usiku ule ule, na mvua inanyesha. Wewe hukusahau, na wewe ndiye mwenye daftari. Ishushe."

Tuliishusha mbele ya watoto. Ndugu msomaji, tulisoma chuo cha Kiislamu miaka minne. Mlango wa wakfu tuliufanyia mtihani tukaufaulu kwa alama nzuri. Tunawafundisha vijana Jumamosi kwamba mali ya msikiti haiazimwi kwa hisani ya mtu mmoja, kwa sababu hakuna mtu mmoja aliye mwenyewe. Elimu yote hiyo ilikuwa kichwani na taa ilikuwa sebuleni.

Katika kikao kilichofuata tuliieleza kamati jambo lilivyokuwa. Mwenyekiti, ambaye ni mzee wa watu, alitaka kulimaliza kwa maneno ya upole. Mweka hazina alisema kwa haki kwamba upole wa mwenyekiti hauingii katika hesabu. Iliamuliwa turudishe taa na tulipe pauni 15 kwa wiki tatu za matumizi. Muhtasari wa kikao hicho ulikuwa kazi ya katibu, kwa hiyo kosa letu tuliliandika kwa mkono wetu wenyewe, na kikao kilichofuata tukalisoma kwa sauti ili lithibitishwe. Tangu siku hiyo ghala lina daftari lake na ufunguo una washika wawili.

Mwanga wa macho na mwanga wa matumbawe

Hata lau taa ile ingekuwa halali yetu, isingefaa, na sababu yake inafaa kuelezwa kwa kuwa ndiyo inayowapoteza wengi dukani. Mwanga wa taa za nyumba na misikiti hupimwa kwa lumeni. Kipimo hicho kimewekwa kwa ajili ya jicho la mwanadamu, ambalo huona vizuri zaidi rangi ya kijani inayokaribia manjano. Vijimwani vya matumbawe havitumii jicho. Hutumia zaidi mwanga wa buluu na zambarau, ule wa mawimbi ya nanomita 420 hadi 480 hivi. Mola amewapangia hivyo kwa hekima. Maji ya bahari huumeza mwanga mwekundu katika mita chache za juu, na buluu ndiyo inayopenya mbali. Kiumbe wa kina kirefu hula kile kinachomfikia.

Kwa sababu hiyo wafugaji hutumia kipimo kingine kiitwacho PAR, kinachohesabu chembe zote za mwanga ziwezazo kutumika katika kutengeneza chakula, kuanzia nanomita 400 hadi 700. Huandikwa kwa maikromoli kwa kila mita ya mraba kwa sekunde, nasi tutataja namba tupu kwa wepesi. Jua la mchana katika bahari za joto, juu ya uso wa maji, hufika kama 2000. Katika tangi, matumbawe laini hutosheka na baina ya 50 na 100. Yale ya mawe yenye vinywa vikubwa hupenda 80 hadi 150. Yale ya matawi na ya sahani, kama Akropora na Montipora, hutaka 200 hadi 350. Kwa hiyo swali la kwanza la mnunuzi si taa ipi iliyo kali. Ni nani anayeishi ndani ya tangi, na anaishi kimo gani.

Haya tuliyajua baadaye. Wakati ule, tukiwa na aibu ya taa ya msikiti na hamu ya kuyafidia matumbawe, tulipunguza matumizi kwa miezi miwili tukanunua taa mbili za LED zilizotumika, kila moja ya wati 65, kwa pauni 240 zote pamoja. Zilikuwa taa nzuri, zenye buluu ya kutosha na zinazoongozwa kwa simu. Tulizifunga Ijumaa jioni. Tukaona kwamba viumbe hawa wamekaa na njaa mwaka mzima, basi tuwashibishe. Tukaziwasha kwa asilimia mia moja.

Weupe wa mwaka 1998

Siku ya nne matumbawe laini yalijikunja. Siku ya saba lile la sahani lilianza kuwa jeupe kuanzia ukingoni. Mama alipoliona aliweka mkono juu ya kioo akasema: "Hii nimeiona."

Alikuwa akisema habari za mwaka 1998. Mwaka ule bahari ya Hindi upande wa magharibi ilipata joto kubwa, na matumbawe ya pwani yetu, Misali ikiwemo, yakapauka kwa wingi na mengi yakafa. Baba alirudi baharini akamwambia kwamba mwamba umevaa sanda. Wengi walidhani ni maradhi au ni sumu ya watu. Wataalamu hueleza kwamba joto linapopita kiasi, hasa likikutana na mwanga mkali, mtambo wa vijimwani huharibika na kuanza kutoa vitu vinavyomdhuru mwenyeji wao. Tumbawe humtapika mgeni wake ili kujiokoa. Linabaki na nyama iliyo wazi kama kioo, na chini yake mfupa mweupe. Halijafa bado, lakini limebaki bila mpishi. Hali isiporekebishwa mapema, hufa kwa njaa.

Katika tangi letu maji yalikuwa na nyuzi 25, hayana tatizo. Mwanga peke yake ndio uliofanya kazi hiyo, na mkono uliouwasha ni wetu.

"Mwani nao ni hivyo hivyo," Mama alisema. "Tulipoufunga kwenye maji mafupi uliungua ukawa mweupe. Tulipousogeza mbele, maji marefu, ulishika rangi. Kiumbe aliyekaa gizani humtoi juani kwa siku moja. Hata mtu aliyefunga hafuturu kwa sahani nzima ya biriani."

Watoto walicheka, sisi hatukuweza. Tulikuwa tukikumbuka kisa maarufu cha hadithi kuhusu mwanamke aliyeadhibiwa kwa ajili ya paka aliyemfungia bila ya chakula. Wanazuoni wameeleza kwamba mwenye kumzuilia kiumbe amejitwika riziki yake. Samaki wa baharini akikosa chakula hapa huogelea kule. Tumbawe letu halikuwa na pa kwenda.

Kupima kabla ya kutoa

Usiku ule tulishusha taa mpaka asilimia 20. Kesho yake tulikwenda kwenye duka moja la samaki wa maji chumvi kuazima kipima PAR. Huazimishwa kwa amana ya fedha, na ukirudisha unarudishiwa. Safari hii tulisaini daftari kwa furaha. Mama watoto alishika kipima, mtoto mkubwa akaandika, nasi tukabadilisha nguvu ya taa. Kwanza tulipima ile taa ya zamani ya mirija, tuliyokuwa bado hatujaitupa. Juu ya jiwe la juu ilitoa 70, katikati 45, mchangani 25. Kisha tulipima LED kwa nguvu zote. Juu ya jiwe 480, katikati 260, mchangani 140. Tuliwarusha viumbe wale kutoka 70 hadi 480 kwa kubonyeza kidole mara moja.

Kutokana na namba hizo tulipanga safari. Tulianza asilimia 20, iliyokaribiana na mwanga wa zamani. Kila Ijumaa baada ya sala tuliongeza kidogo, asilimia tatu au tano, na kila tulipoona kujikunja tulisita wiki moja. Baada ya wiki kumi tulifika asilimia 45, tukasimama hapo. Jiwe la juu lilikuwa linapata zaidi ya 200, katikati kiasi cha 115, na mchangani zaidi ya 60. Tuliyapanga upya matumbawe kwa mujibu wa namba hizo. La sahani lilibaki juu. Lenye mikono mirefu lilikaa katikati. Laini yalishuka chini na pembeni, kwenye kivuli cha mawe.

Suala la saa lilileta mjadala. Mama alitaka taa zifuate Pemba, na saa za Pemba ziko mbele ya hapa kwa saa tatu wakati wa baridi. Hesabu ilionyesha kwamba tangi lingepambazukiwa usiku wa manane na kuingia giza watoto wakitoka shule. Tulimweleza kwamba matumbawe hayajui saa ya ukutani. Yanachohitaji ni mchana wa urefu usiobadilika na usiku wa kweli, kwa kuwa nayo hupumzika. Tulikubaliana taa ziwake saa nne asubuhi kwa buluu hafifu, zifike nguvu yake kamili adhuhuri, zianze kushuka saa kumi na mbili, na zizimike saa mbili usiku. Desemba yote, nje kukiwa kumeshaingia giza tangu Alasiri, sebule yetu ilikuwa na magharibi yake yenye buluu ya bahari. Mama aliiita magharibi ya Wesha. Aliswali Magharibi yake kwa wakati wa ratiba yetu, kisha akaja kuitazama hiyo ya pili.

Yaliyobaki

Tumbawe la sahani lilipoteza theluthi moja. Sehemu iliyokufa imefunikwa na mwani mwekundu mgumu, na hatukuikata, ibaki kuwa ukumbusho. Sehemu iliyosalimika ilirudisha kwanza rangi ya kahawia, ishara kwamba vijimwani vimerejea, na baada ya miezi mitatu ikapata ukingo wa zambarau unaokua. Uyoga mmoja wa bahari uliyeyuka kabisa. Huo hatukuweza kuufanyia lolote isipokuwa kuomba msamaha kwa Mola wake.

Kwa ndugu aliyeko mahali ambapo ufugaji huu unawezekana kisheria, tunaacha nasaha chache. Fahamu kwanza viumbe wako, kisha ndipo utafute taa. Usipime kwa jicho, wala kwa lumeni, wala kwa programu ya simu, kwa maana simu hupima mwanga wa macho na hudanganyika na buluu. Azima kipima. Taa iliyotumika ya aina nzuri huwa bora kuliko mpya isiyojulikana, na mbili za wastani hueneza mwanga vizuri kuliko moja kali inayoacha vivuli. Hesabu na umeme: mirija yetu ya wati 156 ilikula karibu uniti 1.4 kwa saa tisa, na LED kwa nguvu tuliyoichagua hula chini ya nusu ya hapo. Panda ngazi kwa wiki, usiruke. Na usinunue tumbawe lililovunjwa baharini. Biashara ya matumbawe ya mawe kati ya nchi na nchi inadhibitiwa na mkataba wa CITES, na wako wafugaji wanaokuza vipande vilivyokatwa kutoka matumbawe ya matangini. Mwulize muuzaji asili ya mali yake, kama unavyouliza asili ya nyama.

Kwa ndugu walioko pwani yetu, tangi lenu limekwisha tengenezwa na taa yake haina bili. Karibu na mwaka 2000, taasisi moja ya Kiislamu ya mazingira yenye makao yake Birmingham ilishirikiana na shirika la CARE kuwafundisha wavuvi wa Misali uhifadhi kwa misingi ya dini, na hoja ilikuwa ile ile tuliyoambiwa na Mama: bahari ni amana na sisi ni wasimamizi. Mama anazikumbuka khutba za wakati ule. Anasema wavuvi ambao hawakusikiliza onyo la serikali kuhusu baruti walimsikiliza shekhe.

Mama bado hukaa na tasbihi yake baada ya Alfajiri, ila kiti kimegeuzwa, kinaelekea tangi ambalo saa hizo lina giza. Anasema anangoja kupambazuke. Simu inayoongoza taa anaishika yeye, na Ijumaa iliyopita mtoto mdogo alipomwomba aongeze mwanga kidogo "ili yapendeze", alimjibu kwamba kwanza aende akamwulize baba yake habari za taa ya msikiti. Mtoto alikuja kutuuliza. Tulimsimulia yote.

Tunamuomba Allah (s.w.) atusamehe tulichokizidisha na tulichokipunguza, amrehemu baba yetu, ampe Mama umri wenye kheri, na atujaalie kuwa waaminifu katika kidogo tulichokabidhiwa. Amin.